Kati ya Nguzo ya Tisa na ya Kumi

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, Efrazia alivaa buti, akachukua panga na reki nyuma ya mlango, akaenda kukagua njia. Njia ya matembezi ya familia katika Msitu wa Kwemkuyu ilikuwa na urefu wa kilomita mbili. Ilianzia getini ikazunguka na kuishia getini, na pembeni yake zilisimama nguzo kumi na nne za mbao, nyeupe, kila moja na namba yake. Kazi ilikuwa kuondoa matawi yaliyoanguka, kufagia ngazi za udongo karibu na kijito, na kuhakikisha hakuna nyoka aliyelala juu ya benchi la nguzo ya sita. Kazi hiyo ilichukua dakika arobaini. Ikifika saa moja na dakika kumi, Efrazia alikuwa ameshabandika chai.

Jumanne moja ya mwezi wa tano alirudi saa tisa alasiri.

Sharifu, mlinzi wa geti, alikuwa anasikiliza redio. Alimtazama buti, kisha akatazama kivuli cha geti kilipofika.

"Leo umechelewa."

"Njia imekuwa ndefu," Efrazia alisema.

"Mvua hizi," Sharifu alisema. Akapunguza sauti ya redio ili amsikie vizuri, lakini Efrazia alikuwa ameshaanza kuvua buti. Sharifu akaipandisha tena.

Kilichotokea ni kwamba, baada ya nguzo ya tisa, nguzo ya kumi haikuwepo. Palikuwa na uwanja uliofagiliwa, wenye michirizi ya ufagio bado mibichi. Baada ya uwanja palikuwa na nyumba ya udongo, halafu nyingine, halafu nyingine, mpaka zikatimia kumi na saba. Moshi ulitoka jikoni. Kuku hawakuwepo. Mwanamke wa kama miaka thelathini na miwili alikaa juu ya kigoda, anamalizia ukingo wa ungo.

"Karibu," mwanamke alisema. "Umepitia kwenye madungu? Wa kwetu hujawaona?"

Efrazia alilelewa milimani, Mlalo, na mama ambaye hakupenda watoto wampe mtu habari mbaya kabla hajawakaribisha kukaa. Huyu alikuwa ameshamkaribisha, na hilo lilifanya jambo liwe gumu zaidi, kwa kuwa Efrazia alijua kwamba watu wa msitu huo walihamishwa zamani.

"Wanakuja," alisema.

Mwanamke aliitwa Mwantumu. Alikuwa amefariki kwa uzazi zamani, binti yake Shida akiwa na miaka saba. Alilieleza hilo kama alivyoeleza kwamba alizaliwa Mnyuzi, karibu na stesheni, na kwamba bado alikosa usingizi mahali pasipo na treni. Alisema wao waliolala makaburini nyuma ya nyumba walizoea kusikia watu wakitwanga. Siku moja kutwanga kukakoma. Wakajua ni msimu wa kulinda mahindi, watu wamehamia madunguni kwa sababu ya nguruwe pori. Lakini msimu ukawa mrefu. Nyasi zilipofika madirishani, ikabidi watoke wafagie.

"Nyumba haiachwi iote majani eti wenyewe wako shamba," alisema Mwantumu. "Watarudi wamechoka, wakute pori? Kaa basi ule muhogo."

Efrazia alikaa. Muhogo ulikuwa wa kuchoma, mtamu, ila haukuwa na chumvi. Chumvi ilitoka dukani, Mwantumu alieleza, na mwenye duka naye alikwenda shamba na duka lake.

Upande wa pili wa uwanja mzee mmoja alikuwa anachonga mpini wa jembe. Efrazia alimwamkia. Mzee hakuinua kichwa.

"Huyo ni Mzee Mhina," Mwantumu alisema. "Hakusikia vizuri alipokuwa hai, na kufa hakukumponya. Mpaka upaze sauti."

Efrazia alijaribu kupaza sauti. Haikupanda.

"Huyu binti wa milimani hana salamu," Mzee Mhina alisema, akimwambia mpini.

Kutoka hapo mpaka nguzo ya kumi palikuwa na mwendo wa saa tatu: kisima, kiwanja cha mpira, vichaka vilivyokuwa mashamba, kisha nyumba nyingine za ukoo wa Mhina. Kila mlango ulikuwa na mtu, na kila mtu alimkaribisha. Kila aliyemkaribisha aliuliza swali lile lile, na Efrazia alilijibu lile lile.

Kesho yake alichukua pakiti ya chumvi.

Hakuna mtu katika kijiji cha Kang'ata, nje ya msitu, aliyemfanyia Efrazia ubaya wowote. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, ametoka chuo cha misitu mwaka uliotangulia, na alikaa katika chumba cha watumishi karibu na geti. Alikwenda kijijini kuteka maji na kununua mboga. Alipofika bombani na nguo zake za kijani na kofia yenye nembo, wanawake waliokuwa wakicheka walianza kutazama ndoo zao. Walimjibu salamu. Walimpisha hata mbele ya foleni, ili amalize mapema aondoke, kwa kuwa watu wa nguo zile ndio waliokamata kuni na mkaa. Jumapili baada ya ibada mama yake alipiga simu kutoka Mlalo. Efrazia alisema hajambo, mama naye akasema hajambo, na vocha ikabaki.

Kwa hiyo Jumatano alipeleka chumvi, Alhamisi kiberiti, Ijumaa nusu kilo ya sukari. Alirudi kila siku alasiri, amevimba miguu. Alikuwa ameambiwa karibu mara kumi na saba, na zaidi ya hapo kwa ukoo wa Mhina.

Jumamosi ilikuja familia kutoka Korogwe mjini, baba, mama na watoto wawili, Clinton na Grace. Efrazia alitangulia mbele, akasoma vibao kwa sauti yake ndogo.

"Huu ni mvule. Mbao zake..."

"Dada, simba wako wapi?" Clinton aliuliza.

"Hapa hakuna simba. Kuna tumbili."

"Tumbili hata kwa bibi wapo. Wanaiba chapati."

"Mwache dada asome," mama yake alisema, naye akapiga picha ya mvule, kisha ya viatu vyake.

Kwenye nguzo ya tisa Efrazia alisimama. Mbele yake, hatua mia moja na arobaini, ilisimama nguzo ya kumi. Kati yake na nguzo hiyo palikuwa na miti, majani makavu, na jongoo aliyevuka njia bila haraka.

"Nasikia harufu ya muhogo," Grace alisema.

"Ni njaa hiyo," baba yake alisema.

Walitoka getini baada ya dakika arobaini na mbili, kwa sababu Clinton alitaka kumsubiri jongoo. Baba aliandika kwenye kitabu cha wageni: *Mahali pazuri kwa familia. Tulivu sana. Hakuna watu.*

Hivyo Efrazia akajua. Kwa watu wawili au zaidi, njia ilikuwa kilomita mbili. Kwa mtu aliye peke yake ilipita ilikokuwa ikipita zamani.

Jumatatu iliyofuata ungo ulikuwa tayari. Mwantumu aliufuta kwa kiganja na kumkabidhi.

"Ukiwakuta njiani mpe Shida wangu. Mwambie asiuchezee mchanga. Meno ya mbele yatakuwa yameshaota."

Bibi Shida aliishi Kang'ata, nyumba ya tatu kutoka bombani, na hakuwa na meno ya mbele. Alikuwa anachambua maharage mlangoni. Efrazia alipopiga hodi, bibi alitazama nguo kwanza.

"Karibu, lakini kofia hiyo ivue. Wenye kofia hiyo ndio waliotupakia kwenye lori."

Efrazia aliivua. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Simaanishi wewe. Wewe wakati huo ulikuwa unanyonya."

"Nilikuwa darasa la pili, bibi."

"Basi ulikuwa unanyonya ukiwa mkubwa." Bibi Shida aliuona ungo. Aliupokea, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo mpaka mahali ambapo fito mbili zilipishana kinyume. "Mama alikosea hapa kila ungo," alisema. "Baba alikuwa anamcheka. Hajambo?"

"Hajambo. Anauliza mnarudi lini."

Bibi Shida aliyamwaga maharage kwenye ungo, akaendelea kuyachambua.

Alieleza kwamba makaburi ya Kwemkuyu yalikuwa ya koo mbili, wao na kina Mhina. Mtu akihama, hata akihamia bonde la pili, wazee walioko chini lazima waambiwe. Unakorogwa unga kwa maji, unamwagwa, na mkubwa wa ukoo anasema kwa sauti: tunaondoka, tunakwenda mahali fulani, sababu ni hii. Koo zile zilifanya kwa zamu. Mwaka ambao mpaka wa hifadhi ulisogezwa, lori lilikuja alfajiri na kutaka liwe limeondoka kabla ya saa nne. Watu walipakia milango, mbuzi na mabati. Ukoo wa Bibi Shida ulijua kwamba zamu ni ya kina Mhina, na kina Mhina walijua kwamba zamu yao ilikwisha kwenye mazishi ya mwezi uliopita. Lori lilipofika Kang'ata ndipo wakaulizana.

"Miaka kumi na saba tunarushiana maneno," bibi alisema. "Hata kwenye harusi. Wao wanatuimbia kwamba sisi tuliacha wazee porini. Sisi tunawaimbia kwamba wao hawajui kuhesabu zamu."

"Si mngerudi mkawaambie?"

"Kuingia ni kosa. Mjomba wangu alirudi na bakuli la unga, akalala mahabusu siku mbili. Sasa mmefungua tena, kwa ajili ya matembezi." Alilitupa harage bovu. "Niongoze basi. Na mimi nitembee kifamilia."

Walikwenda Alhamisi. Bibi Shida alivaa kanga mpya, akakoroga unga kwenye chupa ya maji. Walipita mvule, wakapita benchi la nguzo ya sita, ambapo bibi alikaa kidogo kwa sababu ya magoti. Kwenye nguzo ya tisa waliona miti na majani makavu. Bibi Shida alisimama muda mrefu. Alisema, "Mlango wa jikoni ulikuwa hapo," akionyesha kwa kidevu kichaka kimoja kati ya vichaka vingi, kisha akasema labda ni kile kingine. Chupa hakuifungua.

"Ukinisindikiza hawaonekani," alisema. "Usiponisindikiza sifiki. Siku nzima kwa magoti haya, nitawafikia moja kwa moja na kubaki huko huko."

Wakarudi getini. Dakika hazikuzidi hamsini.

"Waambie wewe," Bibi Shida alisema. "Waambie tulihamishwa, tuko Kang'ata, hatukuwaaga, tunaomba radhi. Na useme kwa sauti, yule babu wa kina Mhina ni kiziwi." Akampa chupa.

Efrazia aliiweka chupa kwenye mkoba wake, chini ya panga. Kesho yake alipita na mkoba huo kati ya nguzo ya tisa na ya kumi, nyumba zote, na alasiri akatoka na chupa ikiwa bado imejaa.

"Shida kaupenda ungo?" Mwantumu aliuliza.

"Kaupenda sana."

"Wanakuja?"

"Wanakuja."

Mwantumu alikuwa ameanza kutandika vitanda. Kila chumba aliweka maji kwenye mtungi. Alimwuliza Efrazia ana ndugu wangapi, na kwa nini anapinda mabega anapozungumza kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Alimsuka nywele. Siku nyingine alimwambia kwamba macho yake ni ya mtu aliyeshiba maneno yake mwenyewe, na Efrazia akacheka mpaka akajisikia akicheka, akanyamaza. Unga ulichacha kwenye chupa. Aliumwaga, akakoroga mwingine.

Aliweza kusema uongo kwa mdomo, kumbe, lakini kwenye karatasi hakuweza. Taarifa ya mwezi ilikuwa na safu ya muda uliotumika kukagua njia. Aliandika: *Saa nane na nusu.* Kwenye safu ya maoni aliandika: *Kati ya nguzo ya 9 na ya 10 kuna kaya kumi na saba, na nyingine mbele ya kisima. Wanafagia.*

Baada ya wiki mbili afisa wake, Mustapha, alikuja na dereva na gurudumu la kupimia. Wakatembea wote watatu. Gurudumu lilisoma kilomita mbili na mita sita.

"Wewe uliandika saa nane na nusu," Mustapha alisema.

"Nikiwa peke yangu, mkuu."

"Na hizi kaya. Zina kibali cha kuishi ndani ya hifadhi?"

"Wamefariki, mkuu."

Mustapha alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kikao mjini saa nane. "Marehemu hawamo kwenye kanuni," alisema. "Njia ndiyo imo. Bango letu linasema dakika arobaini. Siwezi kuwa na bango linalosema uongo."

"Ungeenda mwenyewe uwaone, mkuu. Peke yako."

Mustapha alitazama njia ilipoingia kwenye miti, akaitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Nina kikao," alisema.

Barua ilifika kabla ya mwisho wa mwezi wa sita. Ilisema kuwa ofisi imelifanyia kazi suala la urefu wa njia. Kuanzia tarehe mosi mwezi wa saba, njia ingekaguliwa na watumishi wawili wakitembea pamoja. Mtumishi wa pili angekuwa Isaka, aliyehamishwa kutoka kituo cha Mazinde. Na fundi alikuja akaongeza mstari chini ya bango la getini: HAIRUHUSIWI MTU KUTEMBEA PEKE YAKE.

"Wamefanya vizuri," Sharifu alisema. "Utapumzika miguu."

Isaka alifika tarehe thelathini asubuhi na sanduku moja na feni. Alikuwa kijana mcheshi. Alisema ataanza kazi kesho, akaomba aonyeshwe mahali pa kuchaji simu. Efrazia alimwonyesha. Kisha akachukua panga, reki na mkoba wenye chupa, akaenda kukagua njia.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa mara mbili siku hiyo. Mwantumu alichoma muhogo na kuunyunyizia chumvi.

"Leo umewahi," alisema. "Kaa."

Efrazia hakukaa. Aliitoa chupa, akaishika kwa mikono yote miwili. Alitazama mtungi wa maji mlangoni, uliofunikwa kwa ungo mpya mwingine.

"Hawarudi," alisema, kwa sauti ile aliyoitumia kusoma vibao.

Mwantumu aliugeuza muhogo usiungue. Aliugeuza upande wa pili pia. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga.

"Sema kwa nguvu, mwanangu," alisema. "Mzee Mhina hajasikia. Akisikia kutoka kwangu, kesho atasema ukoo wetu umeongeza chumvi."

Watu walikuwa wanatoka milangoni. Waliotoka makaburini wakiwa wazee walikaa chini, na waliotoka wakiwa watoto walisimama mbele. Efrazia alivua kofia. Alimimina unga na maji ardhini, polepole, mpaka chupa ikaisha. Alinyoosha mabega.

"Shikamooni, wazee!"

Mzee Mhina aliinua kichwa kutoka kwenye mpini. "Marahaba," alisema. "Kumbe unaweza. Haya, sema."

"Hawako madunguni!" Efrazia alisema, na sauti ikapita uwanja, ikapita nyumba zote kumi na saba, ikafika kisimani. "Walipakiwa kwenye lori, miaka kumi na saba sasa. Wako Kang'ata. Kila ukoo ulidhani mwenzake amewaaga. Wanaomba radhi. Hawarudi, hawaruhusiwi kurudi, na waliowapakia walivaa nguo kama hii yangu. Na mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Nilisema wanakuja kwa sababu ninyi peke yenu ndio mlioniambia karibu."